Chuma cha Sukari Siku ya Khanga

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, Neema, kijana niliyekuwa nafanya naye kazi, aliniambia niandike niliyoyaona kazini, ili vijana wanaokuja wasome. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la nne, na mwandiko wangu hata mwalimu aliyenifundisha alikuwa ananiita nimsomee. Akacheka. "Babu, si utaandika kwa kompyuta? Kwenye kompyuta mwandiko wa profesa na wako ni mmoja." Hapo akawa amenishika.

Basi naandika. Kama unataka kujua nilipandishwa cheo lini, sikumbuki, na cheo chenyewe kilikuwa kupewa kiti chenye magurudumu. Nitaeleza kazi. Na kazi yangu yote, tangu nikiwa kijana Tongoni mpaka juzi kwenye kompyuta, ilikuwa moja: kitu kikifika, wanaokihitaji wajue.

Nilianza duka la ushirika Tongoni, miaka ile ya shida. Nyinyi mmezaliwa mkakuta sukari imejaa dukani mnadhani huwa inaota humo. Wakati ule sukari ilikuwa habari. Mtu akipata mche wa sabuni anaukata vipande, kimoja anaogea, vingine anavifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Lori likija na mzigo leo, huna hakika lini litarudi. Kwa hiyo asiyesikia siku ya mzigo amekosa, na aliyekosa ananung'unika mpaka mzigo mwingine.

Siku yangu ya kwanza nilipewa daftari la kaya na kuambiwa nizunguke. Hodi nyumba hii, sukari imekuja. Hodi nyumba ile, mafuta ya taa yamekuja. Nilitakiwa nimjue kila mtu, anakaa wapi, anahitaji nini, kahama au yupo, kagombana na nani mpaka hapitii njia ya nani. Nikiugua, kijiji kizima hakina habari. Kuna nyumba moja nilipiga hodi miezi mitatu, nasimama pale mlangoni natangaza sabuni kwa sauti nzuri kabisa, kumbe wenyewe walishahamia Pangani. Nilikuwa nawatangazia popo.

Msimamizi wa duka alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pemba aliyeolewa Tongoni. Alikuwa na jicho la mizani. Akitia sukari kwenye mfuko kwa kukisia, ukiipima huoni pungufu wala ziada. Ulimi wake nao ulikuwa na makali. Siku aliponiona nimerudi kutoka kuzunguka, jasho linanitiririka, na nusu ya kijiji hawajui kitu, akaniuliza, "Weye, hayo maguu ulipewa na Mungu uyamalize kwa watu wasiotaka sukari?"

Wiki ile akatafuta vyuma. Kipande cha reli ya toroli za mkonge, akakipata kwa jamaa wa shambani. Ringi ya gurudumu la lori. Sahani ya jembe la trekta. Akavining'iniza vitatu kwenye boriti ya baraza ya duka, akawaita watu, akapiga kimoja kimoja wasikie. Reli ni sukari. Ringi ni mafuta ya taa. Sahani ya jembe ni sabuni. "Anayetaka sukari asikilize reli. Asiyetaka, alale."

Ndiyo hivyo tu, na mimi mpaka leo sijaona akili iliyonizidi vile. Daftari lilikwenda stoo. Sikuhitaji kujua nani yupo na nani kahama. Nilikuwa napiga chuma, basi. Bibi mwenye mafuta ya kutosha akisikia ringi anaendelea kukuna nazi yake. Mgeni aliyehamia jana anaambiwa na jirani, reli ni sukari, tayari naye amo. Aliyehama hana haja ya kuniaga, amekwenda na masikio yake. Na kwa waliokuwa shamba wasisikie, Bi Zuhura alikuwa anafunga kitambaa kwenye chuma kilicholia mwisho mpaka mzigo uishe, ili anayepita baadaye aone.

Sasa nitasema kosa langu, maana Neema amenisisitiza niseme makosa. Siku moja Bi Zuhura alikwenda mjini Tanga, lori likaleta khanga. Doti chache. Chuma cha khanga hakuna. Mimi nikaona reli ndiyo yenye sauti kubwa kuliko vyote, nikaipiga reli.

Wakaja. Kina mama na vikapu, wazee na makopo, mtu na sufuria yenye mfuniko. "Sukari iko wapi?" Nikasema, "Si sukari, ni khanga." Mzee mmoja mwenye miguu mibovu, aliyekuja kwa mkongojo kutoka mwisho wa kijiji, akanitazama. "Mwanangu, nitie khanga kwenye chai?" Na wale waliotaka khanga, akiwemo bibi harusi mmoja aliyekuwa na siku nne tu kufikia harusi yake, walisikia reli wakasema sisi sukari tunayo, wakakaa. Khanga zikaenda kwa waliokuja na sufuria.

Bi Zuhura aliporudi hakupiga kelele. Akanipeleka barazani, akashika reli kwa mkono ili isilie. "Hiki cha sukari. Siku ya khanga tafuta chuma kingine. Ukikosa, piga bati. Ukikosa bati, piga kichwa chako." Kisha akanizungusha nyumba zote kuomba radhi, na kwa yule bibi harusi nikaenda mara mbili.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Bidhaa zikajaa, kila genge likawa na sukari, sabuni za rangi zote, mitumba imelundikwa chini. Vyuma havikuwa na la kusema. Duka likafungwa, mume wa Bi Zuhura akafariki, naye akarudi kwao Wete. Mimi nikaenda mjini, nikapanga chumba Mabawa, nikawa fundi wa redio na vipaza sauti. Kampuni moja ya mizigo karibu na bandari ikaniita nitengeneze kipaza sauti cha kuitia wenye mizigo. Nikakitengeneza, wakanibakisha. Ilipokuja kompyuta ya kwanza wakasema, fundi wewe unajua nyaya, iangalie. Nikaiangalia miaka zaidi ya ishirini.

JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za kompyuta, nilijifunza kwa kunakili. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, lakini maneno ya JavaScript si mengi. Ni kama menyu ya mgahawa, ukishayajua ya chapati na maharage unaagiza tu. Kilichonishinda ni namna ukurasa wetu wa mizigo ulivyofungamana. Sehemu ya mizani inaiita sehemu ya lebo kwa jina. Ya lebo inaiita ya boti. Ya boti inaiita ya ujumbe wa simu. Kila moja ilitakiwa iijue nyingine, iko wapi na inataka nini. Siku moja niliondoa kisanduku kidogo cha hali ya hewa ambacho hakuna aliyekitazama, ujumbe wa simu ukakatika Tanga mpaka Pangani. Nilikuwa nimerudi kwenye daftari la kaya bila kujijua.

Ndipo alipokuja Neema. Mtoto wa Lushoto, baba yake alikuwa mkata mkonge huku chini, mwenyewe Mlutheri wa kwaya. Kitu kikimwendea vizuri anaimba sauti ya pili peke yake, ya kwanza hatuisikii. Siku ya kwanza akanisalimu, "Shikamoo babu," akavuta kiti, akausoma ule ukurasa mpaka adhuhuri. Kisha akasema kwa upole, "Babu, hizi sehemu zimeshikana mashati."

"Nifanye nini?"

"Zisiitane. Tuweke kitu kimoja katikati. Yenye habari inatangaza jina la habari hapo katikati, inaendelea na kazi yake. Inayoitaka inajiandikisha kwa jina hilo. Aliyetangaza hajui nani anasikia. Anayesikia hajui nani katangaza."

Nikacheka mpaka akadhani namdharau. Nikamweleza vyuma vya Bi Zuhura. Akasema, "Huyu bibi yuko wapi nikamshike mkono?"

Ile faili tukaiita `reli.js`. Ni ndogo, haijai ukurasa mmoja, na ndiyo kazi ninayoiona nzuri kuliko zote zilizopita mkononi mwangu. Ina mambo matatu. `reli.piga`, unatangaza. `reli.sikiliza`, unajiandikisha. `reli.acha`, unajitoa. Ndani yake ni orodha tu ya majina, na chini ya kila jina kazi za kufanya jina hilo likilia.

Vijana, hilo la tatu msilidharau. Mtu wa Tongoni akihama anahama na masikio yake, lakini sehemu ya ukurasa ukiifunga bila `reli.acha`, masikio yanabaki yananing'inia pale. Unaifungua tena, yanaongezeka mengine. Tulikuwa na mfanyabiashara wa nazi Pangani, karani wetu akawa anafungua na kufunga ukurasa wake asubuhi nzima, mzigo ulipofika yule bwana akapata ujumbe uleule mara kumi na moja. Akajibu: "NIMESIKIA." Na jingine: msikilizaji mmoja akianguka, reli imwache pale iendelee na wa pili. Neema aliliweka hilo tangu siku ya kwanza, mimi nisingelifikiria. Na kitambaa cha Bi Zuhura tulikiweka pia, habari ya mwisho inabaki imefungwa kwenye jina lake ili anayechelewa aikute.

Sasa nifike kwenye neno.

Bi Zuhura, aliyegawa sukari ujana wake wote, uzeeni sukari ikamgeukia. Ugonjwa wa sukari. Anajidunga sindano kila siku, na ile dawa aliyoandikiwa wakati mwingine kule haipatikani. Kwa hiyo kila mwezi mimi nanunua Tanga, natia kwenye sanduku la barafu, napeleka kwa boti yetu mpaka Wete, na binti yake Asha analipokea. Dawa ile haitaki joto, na bibi haweki akiba, kwa kuwa friji ni ya jirani. Sanduku lisipofika, hana kitu.

Tulikaa mimi na Neema kupanga majina ya kwenye reli. Mimi nilikuwa natengeneza sehemu ya boti, yeye sehemu ya masanduku. Tukakubaliana vizuri kabisa, nakumbuka tulikuwa tunakula mihogo. Nikasema, "Jina moja liwe `chombo-kimefika`." Akasema, "Sawa, na mimi nalihitaji hilohilo." Nikaliandika ubaoni. Tukafurahi kwamba tumeelewana.

Mimi mtu wa pwani. Chombo ni kitu kinachokwenda baharini. Yeye mtu wa mlimani. Chombo ni kitu cha kutilia kitu, ndoo, kreti, sanduku. Hatukuulizana, nani anauliza maana ya chombo?

Ikawa hivi. Boti ikifunga gati Wete, sehemu yangu inapiga `chombo-kimefika` pamoja na namba ya safari. Sehemu ya Neema ilikuwa inasikiliza jina hilohilo, ikingoja namba ya sanduku. Ikipewa namba ya safari inatia alama masanduku yote yaliyoandikiwa safari ile kuwa yamepokelewa, na kupeleka ujumbe. Na kwa wiki kadhaa hatukugundua, maana boti ikifika kweli masanduku nayo huwa yamo ndani. Kosa lilikuwa linasema kweli kila siku.

Mpaka asubuhi moja sanduku la Bi Zuhura lilipoachwa banda la Tanga.

Simu yangu ikalia: chombo kimefika. Nikasema alhamdulillahi, nikaagiza chai. Asha naye alipata wake, akaenda dirisha letu la mizigo Wete. Karani akatazama skrini. "Dada, hili limeshapokelewa."

"Limepokelewa na nani? Na jini?"

"Hapa linaonesha limepokelewa."

Asha akadhani abiria kalichukua kwa kukosea, akawakimbilia watu stendi anawafungulia mizigo yao, nusura apigwe. Haikufika saa nne simu yangu ikaita. Bi Zuhura mwenyewe.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba. Weye, dawa yangu iko wapi?"

"Imefika Wete, bibi. Kompyuta imeandika."

"Hiyo kompyuta imeona nini kilichofika?"

"Imeona chombo..."

"Nikusomee hapa Asha alichoandikiwa. 'Chombo chako kimefika.' Miye sina chombo. Marehemu alikuwa nacho, na kilizama."

Nilisikia pumzi yake kwenye simu, fupi fupi. Akauliza taratibu, "Chombo kilichofunga gati, na chombo cha dawa, mmevipa mlio mmoja?"

"Nadhani ndiyo, bibi."

"Umepiga chuma cha sukari siku ya khanga."

"Umebakiwa na sindano ngapi?"

"Ya mwisho nimepiga jana asubuhi." Akakata.

Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, kasikia yote. Hakusema kosa la nani. Akafungua faili zote mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu, akaweka kidole kwenye neno lake na kingine kwenye langu. "Babu, chombo kwenu ni boti?"

"Kwenu si boti?"

"Kwetu boti tutaitoa wapi?"

Tukakimbia bandani. Sanduku lipo, nyuma ya robota za mkonge, jua la dirishani limelipiga, barafu imekuwa maji na maji yana uvuguvugu. Mtu wa duka la dawa akasema hizo msizitumie, chukueni nyingine. Tukachukua. Boti ya mchana ilikuwa imebakiza muda mfupi, na mimi sikuwa tayari tena kumwamini mtu wala mashine kulipandisha lile sanduku. Lakini sehemu ya boti ilikuwa yangu, na isiporekebishwa, jioni masanduku ya watu wengine yangetangazwa vilevile.

Neema akasema, "Wewe rekebisha majina. Mimi nitalipeleka."

Nikamtazama. Huyu mtoto alikuwa hajapanda boti maishani mwake. Hata gatini alikuwa anasimama mbali na ukingo. "Utaweza?"

"Sijui. Ila sanduku litakuwa mapajani mwangu."

Akaenda. Nimefanya kazi na watu wengi hodari, na ninapofikiria hodari namfikiria yeye akipanda lile daraja la boti, kalikumbatia sanduku la barafu kwa mikono miwili, macho kayafumba.

Mimi nikarudi nikalifuta neno chombo kila mahali. Sehemu ya boti sasa inapiga `boti-imefunga-gati`. Sehemu ya sanduku inapiga `sanduku-limepokelewa`, na hailii mpaka mpokeaji mwenyewe atie kidole kwenye skrini pale dirishani. Jina lisilo na namba ya sanduku, sehemu ile inalikataa. Nilisoma kila mstari kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha nikakaa natazama skrini, sina la kufanya. Boti ikafunga gati, reli ikalia jina la boti, na kwa mara ya kwanza hakuna sanduku lililotikisika. Nikashukuru na nikaogopa zaidi.

Jua lilikuwa halijazama ilipolia: sanduku limepokelewa. Baadaye Neema akanieleza. Alitapika njia nzima, abiria wakamshikia kichwa lakini sanduku hakumpa mtu. Asha alikuwa amemleta mama yake mpaka gatini kwa bajaji, amelegea, midomo imekauka, ila macho yako palepale. Akapigwa sindano pale pale kwenye benchi la abiria. Alipopata nguvu akamtazama Neema toka juu mpaka chini, matapishi kwenye gauni.

"Weye ndiye mwenye chombo?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Na yule mwenzio, kazunguka nyumba zote kuomba radhi?"

Neema hakuelewa. Mimi nilielewa. Kesho yake nikachukua orodha ya kila mtu aliyewahi kupelekewa ule ujumbe wa chombo, nikawapigia simu mmoja mmoja. Wengi walishangaa. Yule bwana wa nazi akasema, "Hata hii nimesikia."

Ndiyo maana ofisini mnakuta ubao wa majina karibu na mlango, kila jina na maana yake pembeni kwa maneno ya kawaida, na sahihi za watu wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa bara. Msiuone ni utani wa wazee.

Siku yangu ya mwisho Neema aliketi nami tukanitoa kwenye reli. Nilikuwa nimejiandikisha majina mengi, ya mizani, ya hitilafu, ya boti kuchelewa. Nikaandika `reli.acha` moja baada ya nyingine, na yeye anasoma orodha. Tukafika mwisho.

"Limebaki moja, babu. Sanduku la Wete."

"Hilo liache."

"Wewe si ndiye unayetugombeza tukiacha masikio yananing'inia?"

"Ndiye mimi. Liache."

Akalitazama, akafunga kompyuta, akaanza kuimba sauti ya pili.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Mabawa, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu ina povu. Simu ikatoa mlio mfukoni. Nikasimama na shuka yake shingoni.

"Mzee, kaa! Nitakukata!"

"Limefika."

"Nini kimefika?"

"Sanduku. Limepokelewa kwa kidole."

"La nani?"

Nikakaa, nikamwambia amalizie upande wa pili.